Zizi Chini ya Ghala la Mbegu

Harufu ya mbegu za pamba zilizoanza kuvunda hunirudisha Shinyanga hata nisipotaka. Juzi niliinusa sokoni, nikasimama mpaka mwenye duka akaniuliza kama naumwa.

Enzi za Mwingereza, kaya yetu ilipakana na jineri, kiwanda cha kuchambulia pamba, na ile nyumba kubwa nyeupe ya mwenye mashamba. Baba alifunga marobota kiwandani. Jioni alirudi na vumbi la pamba kwenye nyusi, naye bibi, mama yake, akimtania: "Mwanangu, umeniwahi uzee."

Mwaka mmoja pamba ilikubali mno, tajiri akataka kujenga ghala la mbegu palipokuwa na zizi letu. Babu alikuwa amezikwa humo, katikati ya ng'ombe wake, kama desturi yetu ilivyomtaka mwenye kaya azikwe. Msimamizi akaja na kamba na vibarua.

"Bibi, nionyeshe kaburi, tulizunguke."

Bibi akatazama samadi. Kwato zilikuwa zimelikanyaga kaburi miaka yote hata likatoweka, na ndivyo ilivyotakiwa.

"Kaburi ni zizi lote."

"Kumbe mzee wako alikuwa mrefu hivyo!" Vibarua wakaangua kicheko. "Kama halionekani, halipo."

Baba alisimama na kofia mkononi. "Mayu," alinong'ona, maana ndivyo Wasukuma tunavyomwita mama, "onyesha popote tu."

"Nimdanganye aliye chini?"

Ghala likajengwa. Zizi tukalihamishia ng'ambo ya barabara. Tangu hapo, kila jioni kabla ya kufungia ng'ombe, bibi aliwaswaga kwanza hadi ukutani mwa ghala, wakakanyagakanyaga pale huku mlinzi akifoka. Watoto wa jirani walimwimba kwamba kasahau kwake. Niliona haya, nikamvuta kaniki.

"Bibi, zizi liko kule."

"Najua, mjukuu wangu."

Alipofariki, baba aliuza ng'ombe. Nilikuwa nimekwisha kwenda chuo, mbali na kwetu, ndipo siku moja nikiwa darasani nikaelewa: kwetu kaburi la mwenye kaya halipaliliwi wala halipandwi maua. Hutunzwa kwa kwato. Bibi alikuwa akimpelekea babu kelele za mali yake, karibu kadiri ukuta ulivyomruhusu.

Pengine nawaza kupita kiasi, lakini hujiuliza kama zile kwato zilisikika kule chini. Sakafu ya ghala ni ya saruji. Baba anasema huifagia mwenyewe kila asubuhi, na ni safi sana.