Filamu Niliyowaelezea Wanaume

Kwetu mtaani Musaga filamu ya kigeni haitazamwi kimya, lazima awepo mtu wa kuieleza. Jumapili hiyo mwelezaji nilikuwa mimi. Ilikuwa filamu ya kuchekesha ya Waitaliano, yenye maandishi ya Kifaransa chini, na wanaume wa jirani walijaa sebuleni kwangu. Mume mmoja anatetemeka mbele ya majambazi wanaomwambia ampigie nani kura, kisha akifika nyumbani anapiga meza akidai heshima yake. Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Mimi nilicheka kwa shida, maana shefu wangu kazini akikohoa tu nasimama, na meza yetu pia imezoea ngumi zangu.

Ndipo mke wa yule bwana akamkazia macho, akamwambia, "Unaogopa watu wote isipokuwa mimi." Maandishi yalikuwa wazi kabisa. Nikawaelezea wenzangu, "Mwanamke anasema chakula iko tayari." Wakaitikia, wakaendelea na bia zao.

Nilikuwa nimesahau kwamba mke wangu amesimama mlangoni nyuma yetu, na Kifaransa ndicho anachofundisha shuleni. Hakunisahihisha. Alingoja filamu iishe, akaja mpaka mbele yangu, akanikazia macho vilevile.

"Baba watoto," akasema kwa upole, "chakula iko tayari."

Wanaume wakainuka kwenda kunawa mikono. Mimi nilibaki nimekaa, maana jikoni moto ulikuwa haujawashwa tangu asubuhi.