Mwenye Shimo

Nilipokuwa mtoto, wa umri wa kutumwa chumvi dukani na kurudi na sukari, mama alijifungua mtoto wa kiume nyumbani kwetu Malinya, na mtoto huyo akaja na kilio chake. Alilia akibebwa, akalia akilazwa. Titi alilishika na kuliachia papo hapo, kama mtu aliyepewa sahani ya mwenzake. Mashavu yakaanza kubonyea. Mama alikwisha kumzika mtoto mmoja nyuma ya nyumba, penye migomba, na kila nilipomwona akitazama upande ule nilijua anawaza nini.

Yote yalijaribiwa. Mhudumu wa zahanati alisema ni gesi tumboni, akatupa dawa ya chupa. Akina mama wa kanisa walikuja, wakaomba, wakanywa chai, wakaenda zao. Mtoto akaendelea na kazi yake. Ndipo Kukhu, mama yake baba, alipolisema wazi jambo ambalo majirani walikuwa wakinong'onezana.

"Kuna mtu anataka jina. Huyu mtoto analianga kwa sababu hatujamtambua."

Kwetu mtoto hapewi jina kwa sababu linapendeza masikioni. Mmoja wa marehemu wa ukoo huomba kubebwa naye, na akikosewa, mtoto atalia mpaka apewe lililo lake, au mpaka achoke arudi alikotoka. Dawa ni kuwaita waliokufa mmoja mmoja, mtoto akiwa kifuani kwa mama yake. Jina likiwa ndilo, atanyonya. Nikieleza hivi leo mbele ya wanafunzi wangu hucheka, kisha atatokea mmoja wa kusema polepole kwamba hata yeye alipewa jina hivyo hivyo.

Shughuli ilifanyika asubuhi, mama akiwa amekaa mlangoni, jua limemfika magotini. Kukhu alisimama mbele yake, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani kama anayekwenda kanisani.

"Kama ni wewe Shivachi, uliyefuga fahali wa kupigana akashinda wa Shinyalu wote, nyonya."

Kilio.

"Kama ni wewe Muhati, uliyechukuliwa kubebea Wazungu mizigo ya vita na hukurudi, nyonya."

Kilio.

"Kama ni wewe Lisanza, uliyekataa kulipa kodi ya nyumba wakakuchomea nyumba, nyonya."

Aliendelea hivyo, kila jina na kisa chake, na mimi nilikuwa nimeegemea ukuta nikisikiliza kwa mdomo wazi. Sikujua kwamba ninasomeshwa historia. Shuleni baadaye nilifundishwa ile ya magavana na mikataba, na nilipata alama nzuri, lakini kodi ya nyumba mimi niliijua kwanza kwa Lisanza.

Mwishowe majina yakamwishia Kukhu.

"Wamekwisha," akasema.

"Wote, Mama?" mama akamuuliza.

"Wote."

Mama alikuwa wa kuolewa, wa kutoka Butere. Mgeni njoo, mwenyeji apone: yeye aliona kile ambacho wengine walikwisha kukizoea hata hawakioni tena. Akainua uso. "Na mwenye shimo?"

Hapa lazima nieleze shimo lenyewe. Chini ya shamba letu, karibu na kijito, palikuwa na shimo kuu lililoota magugu, na watu wote waliokuja kuosha mchanga wa dhahabu kijitoni waliliita Shimo la Likhanga. Sisi watoto tulikatazwa kulikaribia. Tuliambiwa linaita watu. Huyo Likhanga alikuwa nani, nyumbani hakuna aliyetuambia. Mama ndiye aliyewauliza wanawake wa kijitoni, nao wakamwambia. Alikuwa mdogo wake babu. Wazungu wa dhahabu walipofurika Kakamega, alifanya kazi nao ya kuwaonyesha njia, na siku moja aliwaleta kwenye shamba la baba yake mwenyewe. Walichimba hadi kwenye kaburi la mzee huyo. Mifupa ilitoka pamoja na udongo. Likhanga alipokufa, bado kijana, alizikwa mpakani bila fahali kuletwa na bila ngoma ya isukuti kupigwa, na wazee wakakata shauri kwamba mtoto yeyote asije akaitwa kwa jina lake. Kwetu hakuna adhabu kubwa kuliko hiyo.

"Mama Ayuma," Kukhu alisema, akimwita mama kwa jina langu, "hilo jina haliitwangi hapa."

"Na nikizika huyu pia, hiyo kukataa kwenu itanisaidia nini?"

Sikuwahi kumsikia mama akimjibu Kukhu. Hakungoja ruhusa. Aliinama, akamsogeza mtoto kifuani na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kama ni wewe Likhanga, nyonya, baba."

Mtoto akanyonya.

Sisemi kwamba jina ndilo lililofanya kazi. Huenda dawa ya zahanati ilikuwa imemfika tumboni, huenda njaa ilimzidi. Nimeishi na jambo hili miaka mingi na sijaona haja ya kuchagua. Ninachojua ni kwamba mama alilia kwa furaha, na kwamba Kukhu aligeuka akaenda nyumbani kwake bila kumshika mjukuu.

Kanisani mtoto alibatizwa Daudi, na hapo Kukhu akapata pa kujificha. Sisi wote tulimwita Likhanga. Yeye peke yake alimwita Daudi. Alimbeba, alimlisha, alimwogesha, lakini jina lile halikupita mdomoni mwake. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Siku moja mtoto akiwa ameshajua kutembea, mama alikwenda sokoni, akatuacha na Kukhu uani. Kukhu alikuwa akipepeta maharagwe, mimi nikisugua masufuria. Nilipoinua kichwa nilimwona mtoto amepita ua, anateremka mbio zake za kuyumba kuelekea kijitoni. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na kingo za shimo zilikuwa zikimomonyoka. Nilikuwa mbali, nikaanza kukimbia. Kukhu, na mguu wake mbovu, asingeweza.

"Daudi!" alipaza sauti. "Wewe Daudi!"

Mtoto hakugeuka. Angegeukaje? Hilo halikuwa jina lake.

"Daudi!"

Aliufikia ule udongo mwekundu wa ukingoni mwa shimo. Ndipo nyuma yangu ikatoka sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa Kukhu, sauti ya mwanamke kijana.

"Likhanga! Rudi! Toka kwa hilo shimo, Likhanga, rudi nyumbani!"

Mtoto akasimama. Akageuka kutazama nani anamwita, akacheka, akaanza kupanda kurudi.

Nilipofika naye uani, Kukhu alikuwa ameketi chini katikati ya maharagwe yaliyomwagika. Alimchukua, akamkumbatia na kulia kilio cha matanga, cha sauti, kile ambacho Likhanga wa kwanza hakuliliwa. Nilingoja. Baadaye alizungumza, nadhani si na mimi.

"Nilikuwa nimeolewa juzi tu. Nilimpa chai asubuhi ile, akainywa akiwa amesimama. Nilimwona anashuka na wale Wazungu kuwaonyesha shamba. Wote tulimwona. Hakuna mwenye alimwita."

Siku hizi ninaishi Shirere na ninafundisha fasihi. Kila muhula wanafunzi huniandikia kwamba fasihi ni kioo cha jamii, nami huweka alama ya vema, maana si kosa, na wamefundishwa hivyo. Lakini kioo humwonyesha aliyekuja kujitazama. Wa shimoni hawamo. Taifa letu nalo lina majina yake ya kusoma kwa heshima mlangoni, na lina mengine ambayo tulikata shauri yasiitwe, kisha tunashangaa kitu gani kinalia ndani ya nyumba. Nafikiri waandishi wetu bora wanajua kwamba orodha haijakwisha.

Ndugu yangu Likhanga sasa ana watoto wake. Amelizungushia shimo ua wa senyenge, na pale mpakani amelijengea kaburi la yule mwingine kwa saruji. Mimi nikisahihisha insha za wanafunzi hadi macho yakachoka, humkumbuka Kukhu chini pale kwenye maharagwe. Alikuwa amechelewa karibu maisha yake yote kumwita mtu arudi, na bado akamwita, na mtu akarudi.