Saa Iliyokula Damu ya Baba

Saa tisa na dakika kumi alasiri, saa ya mkononi ya Baba ilisimama mezani kwetu Gilgil. Baba mwenyewe alikuwa amelazwa Nakuru kwa homa ya mapafu. Alizoea kunitania kwamba saa hiyo haina betri, inakula damu yake.

Mkono wangu wa kitoto ulikuwa mwembamba, nikaivaa juu ya kiwiko, nikakimbia kuzunguka banda la kuku mpaka ikaanza tena kulia.

"We, unakimbizwa na nani?" Mama aliuliza kutoka jikoni, ndani ya moshi wa kuni mbichi.

"Saa ikilala, Baba atakufa."

Hakucheka. "Lete, umechoka." Akaivaa mkononi, akasonga ugali kwa mkono huo, muda mrefu kuliko ugali ulivyohitaji.

Juzi, miaka mingi baadaye, mgeni Mjerumani aliyekuja kupanda Longonot alinivulia saa yake, kazi ya mikono ya fundi mmoja wa kwao asiye na kiwanda. Kupitia kioo cha mgongoni niliona magurudumu yaliyong'arishwa hata kwenye pembe zilizofichika, na kipande kizito kikizunguka kila nilipogeuza mkono, kikikaza springi. Kumbe hata ya Baba iliendeshwa na mwendo wa mkono tu, si damu.

Nilimshukuru mgeni, na moyoni nikamshukuru Mama. Wakati ule Baba aliporudi nyumbani kutoka hospitalini, aliikuta saa mkononi mwa Mama, ikitembea.