Kiganja Kikavu

Muuguzi wa mapokezi ya dharura humpa mkono kila anayeingia. Kabla ya kuutoa huukausha kwa karatasi, mpaka katikati ya vidole. Nilikuwa nimempeleka mdogo wangu aliyeteguka mguu, nikakaa najiuliza kama ni usafi au ni maringo.

Akaingia mama mtu mzima na binti yake. “Mimi ni kiungulia tu, mwanangu. Watangulize wenye shida.”

Muuguzi aliushika mkono wake, asiuachie. “Shikamoo, mama. Kiungulia kinapanda mpaka wapi?”

“Mpaka tayani.”

“Na jasho hili?”

“La jua, dada,” binti akadakia. “Mama na jua hawapatani.”

“La jua huwa la moto. Hili ni la baridi.” Sauti ilikuwa ileile ya salamu, ila mguu wake ulishavuta kitanda cha magurudumu. Mama akabandikwa nyaya kifuani, karatasi ya kipimo cha moyo ikatoka, daktari akaitwa. Kitanda kikaondoka mbio, binti nyuma, viatu vya mama mkononi.

Baadaye daktari akachungulia mlangoni. “Moyo. Tumewahi.”

Muuguzi akaitikia kwa kichwa, akachukua karatasi nyingine, akaanza kujikausha. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza sababu.

“Nikikuta jasho, kaka,” akasema, akimnyooshea mdogo wangu mkono, “nijue si langu.”