Namba Sita na Bitana ya Koti

"Shemeji, nimechoka! Simu nazitengeneza, masikio ya watu siyawezi!"

Hiyo ndiyo salamu niliyopewa siku hiyo na Bisibisi, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi simu. Kibanda chake na cherehani yangu vinatenganishwa na ubao tu. Hata akipiga miayo nasikia. Miaka ishirini anainamia simu za watu. Mgongo umepinda, macho mekundu, aproni imechakaa hadi mifuko inadondosha skrubu. Aproni mpya niliahidi mimi, iwe malipo ya kumtayarishia binti yangu simu na kompyuta kabla hajaenda kusoma ng'ambo. Mwaka wa pili huo, bado nasema kesho.

Na kosa la siku hiyo lilikuwa langu. Binti alipoondoka aliniachia laini yake kwenye simu ndogo ya vitufe, na namba za siri za barua pepe yake zikawa zinaingia huko. Bisibisi alimwambia azihamishie kwenye laini ya huko aendako. Akasema atahamisha akifika. Basi asubuhi kanipigia mwanamume mpole: "Shikamoo mama, natoka chuoni kwa mwanao. Nisomee tarakimu sita zilizoingia." Ile shikamoo ikanimaliza. Nikamsomea, tena polepole, na dua nikamwombea.

Saa nne binti akapiga akilia. Barua pepe imemfungia nje, ripoti ya kumaliza muhula imo humo, inatakiwa kabla ya jioni. Asipoipeleka, anarudia mwaka.

"Mwizi kakuamkia, ukamfungulia mlango!" Bisibisi akafoka.

"Angalau ana adabu kuliko wewe."

Hakucheka. Akachukua simu. "Mwanangu, nyamaza. Ile karatasi ya namba za akiba, za kuingilia ukikwama, iko wapi?"

"Karatasi gani, baba mdogo?"

Nikakumbuka mimi. Kabla hajasafiri, Bisibisi alizinakili kwa mkono, akataka nizishonee ndani ya koti, maana begi huibwa na simu hupotea. Nilimcheka, nikamwita mganga wa hirizi. Lakini nilishona.

"Koti lako! Kwenye bitana, chini ya kwapa la kushoto! Fumua!"

Tukasikia mkasi ukikata uzi wangu. Bisibisi akamwelekeza: ingiza namba ya kwanza, badilisha nywila, mtoe kila aliyeingia, ondoa laini ya nyumbani. Kila kitu alirudia mara tatu bila kupandisha sauti, wateja wakigonga meza. Saa saba binti akasema, "Nimeingia. Ripoti ipo. Naituma."

Bisibisi akalaza kichwa mezani, katikati ya betri. "Waambie hao nimekufa," akasema, akasinzia palepale.

Nikawafukuza hadi kesho. Kisha nikatoa kitambaa kizito cha buluu, cha mteja mwingine, Mungu anisamehe, nikakaa kwenye cherehani. Alipozinduka jioni aproni ilining'inia kwenye kiti chake.

Akahesabu mifuko. "Sita? Unanikejeli, shemeji?"

"Vaa, tumalizane."

Akavaa.