Dada Hodi na Sanduku Lililoitwa Marehemu

Dada yangu ni fundi umeme, na kama hujawahi kusikia sifa zake, basi hujawahi kukaa na mimi. Mke wangu anasema nimezidi, kwamba hata kwenye foleni ya benki nawachosha watu wasionijua. Niacheni. Wengine wanajivunia magari, mimi nina dada. Tena nina haki yangu, maana siku ile watu walipodai umeme uwashwe kwa lazima, mtu aliyekuwa amenasa darini na waya uliochubuka chini ya kiwiko alikuwa mimi.

Nianze nyuma kidogo, mjue ni mtu wa namna gani. Mama yetu alikuwa mshonaji, na cherehani yake ya umeme ilikaa sebuleni. Siku moja dada, akiwa bado msichana mdogo, aliifungua mota yake yote. Mama aliporudi alimkuta ameketi katikati ya skrubu, akapiga kelele zilizowatoa majirani nje. Dada hakukimbia. Alisema, "Mama, subiri kwanza, sijamaliza kuelewa." Mota ilirudishwa, ikabaki skrubu moja haina pa kwenda, na cherehani ikashona vilevile. Mama aliiweka skrubu ile kwenye kopo la vifungo na kumwonyesha kila mteja, kwa sauti ya kulalamika ambayo haikumdanganya mtu.

Jambo jingine: ukiingia chumbani kwake bila kubisha hodi, ulitoka na kiatu kikikufuata mgongoni. Mimi, mdogo wake, ndiye niliyekuwa nikitoka hivyo mara nyingi.

Alijifunza kazi, akafunga nyaya za maduka, shule na viwanda, hadi akapewa kusimamia umeme wa jengo refu la ofisi ambalo mimi pia nilikuwa na kibarua, kufunga dari. Umeme wa pale ulikuwa wa namna mpya. Ulisafirishwa kwa nguvu kubwa ndani ya nyaya nyembamba, kutoka chumba cha mashine chini hadi ghorofa za juu, na nguvu hiyo ingetosha kumuua mtu mara moja. Nilimuuliza kwa nini anakubali kufanya kazi na shetani kama huyo.

"Hauendi mfululizo," alinieleza tukila kwake. "Unapiga, unanyamaza, unapiga tena, haraka kuliko unavyopepesa macho. Kwenye kile kimya mashine inausikiliza waya. Kama kuna mtu ameugusa, au waya umechubuka mahali, kimya kinakuwa kingine. Basi pigo linalofuata halitoki."

"Kwa hiyo unabisha hodi."

"Kila mara. Usipoitikiwa vizuri, hauingii. Umeme huu una adabu kukushinda wewe."

Nilieneza neno hilo kazini siku iliyofuata, na mchana haukufika kabla mafundi wote hawajaanza kumwita Dada Hodi. Alinikasirikia kidogo. Baadaye nilimsikia akijibu simu, "Ndiyo, Hodi hapa."

Mafundi wale walikuwa na utani wao mwingine. Ili kujua kama mashine inasikiliza sawasawa, walikuwa na kisanduku cha plastiki chenye kifaa kinachoupitisha umeme kwa kiasi kilekile ambacho mwili wa mtu ungeupitisha. Wanakiunganisha kwenye laini, na mashine lazima ikate hapo hapo. Kisanduku hicho walikibatiza Marehemu, kwa kuwa ndiye aliyekufa kila siku kwa niaba yetu. Basi ilikuwa ni vicheko tu kwenye redio za mkononi. Marehemu kapanda ghorofani. Marehemu anaomba likizo. Mara kwa mara walimsahau kwenye laini, umeme ukagoma, mtu akapiga kelele, "Mtoeni Marehemu!" na kazi ikaendelea. Hata mimi nilicheka.

Kulikuwa pia na ufunguo mmoja, waliouita ufunguo wa lazima. Ukiuzungusha, mashine inaacha kusikiliza, inapiga tu. Ulikuwa wa vipimo vya wakati wa ujenzi, laini ikiwa tupu na watu wote wako nje. Dada aliuvaa shingoni kwa kamba, na akienda kunawa uso aliushika kwa meno.

Siku ya kukabidhi jengo, wageni walijaa ukumbi wa chini na spika zilikuwa zikipiga muziki kwa jenereta. Msimamizi wa mradi, mtu mwema lakini mwenye haraka za kuzaliwa, akaona bodi moja ya dari ghorofa ya juu imelegea. Akanituma mimi, bila redio. Laini ya ghorofa ile ilikuwa imezimwa, nikavua viatu chini ya ngazi, nikapanda darini, nikajilaza juu ya trei ya chuma inayobeba nyaya ili nikaze bodi kwa upande wa ndani. Dakika chache baadaye dada aliuliza kwenye redio, "Juu kuna mtu?" Msimamizi, akiwa anamkaribisha mgeni kwa mkono mmoja na redio iko mkono wa pili, akajibu, "Hakuna." Alikuwa amenisahau kabisa.

Dada akawasha.

Sikujua kwamba fundi wa viyoyozi alikuwa ameuchubua waya mmoja kwa msumeno wake. Nilisikia kitu kimenibana kwenye kiwiko, nikaruka, na kwa kuruka huko mkono ukajikaza kati ya bomba na trei, shaba tupu iko chini yake. Pigo lililofuata halikuja. Nilielewa kwa nini niko hai. Nilielewa pia kwamba mtu akiufikia ule ufunguo, nimekwisha. Nikavuta mkono, ukagoma. Nikapiga kelele, muziki ukazimeza.

Yaliyotokea chini nimesimuliwa na wote wawili, dada na msimamizi, na hawapingani hata kwa neno. Mashine ilikataa. Dada akajaribu tena, ikakataa. Wageni wakaanza kuangalia taa zisizowaka.

"Ni Marehemu huyo," msimamizi alisema akiingia chumba cha mashine, akijifuta jasho. "Mmemsahau tena juu. Lazimisha, dada, taa ziwake. Tutamtoa baadaye."

Dada alisogea karibu na mashine. Alikuwa akitazama namba kwenye kioo cha mashine. Marehemu akiwa kwenye laini, namba inasimama palepale kama imeandikwa kwa rangi. Hii ilikuwa ikipanda kidogo, inashuka kidogo, inapanda tena. Akainama, akaingiza mkono kwenye begi lake la vifaa, akatoa kisanduku cha plastiki.

"Bosi," alisema, "Marehemu ninaye hapa."

"Sasa?"

"Sasa huyo aliyeko juu ni nani?"

Msimamizi akasema labda ni maji, labda ni unyevu. Akasema wakubwa wamesimama gizani, na wakiondoka hivyo, kazi hii yeye dada ataisikia kwa wenzake.

"Watasimama," dada alisema. "Na kazi nitaisikia."

Akazima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli yake, kisha akautumbukiza ufunguo wa lazima ndani ya blauzi. "Anayeutaka aje auchukue." Mtu mwenye mshahara wa kulisha nyumba mbili, ya kwake na ya mama, akasema hivyo mbele ya mkuu wake bila kupepesa macho. Mnaona kwa nini nawachosha watu benki?

Hapo ndipo msimamizi alipojipiga kofi la paji la uso. "Fundi dari! Mungu wangu, nimemtuma mimi." Naye hakusubiri, alimpita dada kwenye ngazi akikimbia, na tai yake imegeukia mgongoni.

Dada alikuwa hajui fundi dari yupi, maana tulikuwa kadhaa. Alijua alipokuta viatu vyangu chini ya ngazi, vile vya kisigino kilicholiwa upande mmoja ambavyo amenisema navyo miaka yote. Niliona mwanga wa tochi ukiingia kwenye tundu la dari, kisha ukasimama. Hakuita jina langu. Nafikiri aliogopa kuliita akose wa kuitika.

"Hodi," alisema. Sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, ilikuwa imepasuka katikati.

"Karibu, dada," nikajibu. "Ila kiti sina."

Akalia. Akanitukana pia, matusi ya nyumbani ambayo mama hajui kwamba tunayajua, akilia na kunitukana kwa pumzi moja huku akilegeza bomba kwa spana. Msimamizi alikuwa chini ameishika ngazi kwa mikono yote miwili, na alipouona uso wangu aliketi sakafuni na suti yake.

Nilibaki na alama ndogo kwenye kiwiko. Msimamizi alishuka akawaambia wageni ukweli wote, kosa lake likiwa la kwanza, na baadaye yeye mwenyewe ndiye aliyedai mashine zote zije bila ule ufunguo. Dada hakufukuzwa. Siku hizi ana kikosi chake, na mama ameongeza hadithi moja kwenye kopo la vifungo.

Lakini kesho yake asubuhi, kabla ya kazi nyingine yoyote, alichukua kisanduku kile akakwangua neno Marehemu kwa kisu. Akawaambia mafundi kwamba walikuwa wamezoea kucheka kila laini inapokataa, na kucheka huko nusura kumchukulie mtu wake. Kisha akaandika jina jipya kwa kalamu nene, akalipulizia likauka.

Kwa hiyo ukipita leo kwenye jengo wanalofunga umeme, utamsikia kwenye redio kabla ya kuwasha.

"Mdogo Wangu yuko wapi?"

Hapo hakuna anayecheka. Mtu mmoja ni lazima apande, amwone kwa macho, amtoe kwenye laini, amshike.

"Katoka, dada. Ninaye mkononi."

Ndipo anawasha.