Siku Nilipopeleka Mbegu ya Panya Kanisani

Aibu niliyoipata kwa kanisa la Kalamba sikupewa na mtu, niliibeba mwenyewe kutoka nyumbani ndani ya kiondo, nikaketi nayo benchi ya tatu upande wa akina mama, nikaimba nayo wimbo wa kwanza na wa pili. Wajukuu wangu huniambia, Susu, hiyo usiisimulie tena, watu wamecheka vya kutosha. Nami nawaambia wacha wacheke, maana kama singeaibika siku ile, babu yenu Mutisya angezikwa na jina la mlevi.

Mutisya mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, ndiye aliyebeba kikombe siku ya meza ya Bwana, na pombe hajawahi kuionja tangu nimjue. Halafu mkono wake wa kulia ukaanza kutetemeka. Kwanza kidole tu, kama mtu anayesugua punje ya mtama, kisha mkono wote, kisha hatua zikawa fupi, uso ukakauka kama wa mtu aliyekasirika na hakukasirika, na akifika mlangoni miguu inagoma, anasimama hapo kama mbuzi aliyeonyeshwa daraja. Jumapili moja akamwaga kikombe chote kwa nguo nyeupe ya Syokau, jirani yangu (Syokau ana mdomo, Mungu amsamehe, na yeye mwenyewe anajua ana mdomo). Kuanzia hapo ikasemwa Mutisya anakunywa. Kilonzo, mwenyekiti wa wazee, akatangaza kwamba Jumapili ya mwisho wa mwezi, ibada ikiisha, wazee watakaa wamtoe kwa kiti.

Sasa wiki ya kuelekea Jumapili hiyo ndiyo binti yetu Ndunge alikuja kututembelea kutoka ng'ambo. Ilikuwa miaka ya tisini, barua ilichukua mwezi kufika. Kule ng'ambo Ndunge alikuwa anafanya kazi kwa nyumba ya utafiti, na kila barua ilikuwa ni panya, panya, panya. Mimi nilifika darasa la pili tu, nasoma kwa kidole, lakini barua moja niliisoma mara tatu: "Mwaitu," (ndivyo anavyoniita, ni kusema mama yangu) "panya wetu wamebadilishwa mbegu hata kabla hawajazaliwa. Kuna kitu kimoja cha kichwani hawana. Wanakaa karibu na chakula na hawali, mpaka tuwadunge sindano ya dawa."

Mimi nikaingiwa na huruma. Kwetu mtu akiharibikiwa na mbegu humsemi, unamsaidia. Mwaka ule wadudu walimaliza kunde zangu, Syokau huyo huyo aliniletea mbegu kibuyu kizima, na mbegu za kupanda hazikataliwi. Na mtoto wangu yuko kule kwa wageni na mbegu mbaya ya panya, na hana jirani! Nikajiambia, panya wa Kalamba hawajui kukataa chakula. Wamekula mahindi yangu, wamekula sabuni, wamekula kona ya Biblia ya Mutisya mpaka karibu na Zaburi.

Siku ile Ndunge alifika, aliutazama sana mkono wa baba yake. Tulipokaa kula akasema polepole, "Baba, shida sio mkono. Ni kichwa. Kuna kitu kimepungua huko, kama wale panya wangu. Twende Nairobi, dawa iko."

Mutisya akaweka kijiko chini, kikalia kwa sahani ta-ta-ta. "Nimekusomesha mpaka nikaota mvi, urudi uniambie mimi ni panya?"

"Sijasema hivyo, Baba."

"Na nikienda hospitali, Kilonzo atasema nimeenda kutolewa pombe mwilini. Siendi."

Akasema haendi, na Mutisya akisema amesema. Ndunge alikuwa anaondoka Jumapili hiyo hiyo, kutoka kanisani moja kwa moja mpaka Sultan Hamud apate gari la Nairobi, na mimi badala ya kumsaidia kumbembeleza baba yake, akili yangu ilikuwa kwa panya. (Niulizeni kwa nini. Sijui.) Jumamosi nikatega sufuria juu ya kijiti, karanga ya kukaanga ndani, nikapata watatu wanono. Nikawatia kwa kitete, kile kibuyu changu cha maziwa, na hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo, ule ulioniua. Nikisema nikizibe na mfuniko wake, watakosa hewa. Basi nikakiziba na gunzi la mahindi, maana gunzi lina mianya, hewa inapita. Nilijiona nina akili kuliko wote walioenda ng'ambo. Nikatia kitete kwa kiondo, nimpe Ndunge pale mlangoni tukitoka, kwa sababu mtoto haondoki kwa mama yake mikono mitupu.

Pasta Muthiani alikuwa anahubiri juu ya uvumilivu. Katikati ya mahubiri nikasikia chini ya benchi kr-kr-kr. Nikakohoa. Kr-kr-kr. Nikakohoa tena, Pasta akanitazama kwa huruma. Alipomaliza tukasimama kuimba, nami nikaimba kwa sauti ambayo sijawahi kuwa nayo.

Syokau akaniinamia. "Mama Ndunge, una nini kwa kiondo?"

"Mbegu."

"Mbegu inatafuna?"

"Imba, Syokau."

Sikuwa nimefikiria jambo moja, na hata mtoto angelifikiria: nimewachagua panya kwa sababu wanakula, halafu nimewafungia kwa chakula! Gunzi likaisha. Wa kwanza akapita juu ya mguu wa Syokau, naye akapiga ukemi ambao kwaya walidhani ni Roho ameshuka, wakajibu haleluya. Wa pili akaenda moja kwa moja kwa benchi ya wazee akaingia kwa suruali ya Kilonzo, na Kilonzo, mwenyekiti mzima, akapanda juu ya benchi akishika goti kwa mikono miwili. Mtu nyuma akalia, "Wametoka kwa kitete! Ni uchawi!" Na mnajua kwetu anayetikisa kibuyu ni mwaguzi, hakuna mwingine. Akina mama wakanikimbia, nikabaki peke yangu kwa benchi nzima, mimi na kiondo changu.

Wa tatu akakimbia njia ya katikati kuelekea kwa Pasta. Na hapo, nasema kweli mbele za Mungu, Mutisya wangu, ambaye asubuhi hiyo tulichukua muda wa kuchemsha maharagwe kumvusha mlango wa nyumba, aliruka! Aliruka kutoka kitini, akapiga hatua moja, mbili, tatu, ndefu kama za kijana, akamfunika panya na kofia yake chini ya mimbari, pap!

Mutisya akainuka, panya kwa kofia, akataka kurudi kukaa. Miguu ikakataa. Akabaki amesimama pale mbele ya watu wote, kofia inatetemeka.

"Mmeona?" Kilonzo akasema, bado yuko juu ya benchi. "Miguu anayo! Alikuwa anatudanganya. Ni pombe tu!"

"Pombe gani hiyo ya kumfanya mtu mwepesi?" Syokau akamjibu, na sikutarajia itoke kwake. "Mume wangu akinywa hata kuku aliyelala hawezi kumshika."

Watu wakacheka, lakini Pasta Muthiani hakucheka. Alikuwa ameokota kitete. "Hiki ni cha nani?"

"Cha Mama Ndunge," Syokau akasema tena (nimewaambia ana mdomo). "Kilipopasuka mimi ndiye nilikishona, huo uzi ni wangu."

Nikatoka kwa benchi. "Pasta, sio uchawi. Ni mbegu, ya Ndunge. Panya wake wa ng'ambo wameharibika, hawali. Nikasema nimpe hawa wetu."

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walicheka wakashika mbavu, wengine wakaketi sakafuni. Ndunge alikuwa amefunika uso, nikadhani nimemliza mtoto wangu, kumbe anacheka mpaka machozi. Akayafuta, akaenda mbele akasimama karibu na baba yake.

"Panya wangu hawakuharibika, Mwaitu," akasema, na kanisa lote likasikia. "Tumewafanya hivyo kwa kusudi. Chungu kinakaa juu ya mafiga matatu. Ukitaka kujua figa hili linabeba upande gani, unaliondoa uone chungu kitaangukia wapi. Tumeondoa kitu kimoja tu kichwani mwa panya. Miguu wanayo, mdomo wanao, lakini wanakaa hapo hapo na chakula kiko mbele yao. Na panya wa namna hiyo ukimtupa majini, anaogelea. Mtu asiyejua atasema alikuwa anajifanya." Akamtazama Kilonzo. "Baba yangu hajifanyi, na hajanywa. Figa moja limetoka."

Kisha akafanya jambo ambalo bado naliona. Alichukua kitete mkononi mwa Pasta, akakilaza sakafuni mbele ya kiatu cha Mutisya. "Baba, usiwaze kutembea. Vuka kitete tu."

Mutisya akakitazama. Akainua mguu, akavuka.

Ndunge akakiokota akakilaza tena mbele. Akavuka. Mara ya tatu Syokau akamnyang'anya kitete, "Lete, mimi nina mgongo mzuri," akawa anakilaza yeye, na watu wakaanza kuhesabu kwa sauti kila akivuka, mmoja, wawili, watatu, kama wanaohesabu mbuzi jioni, mpaka mlangoni. Kilonzo alikuwa ameshuka kwenye benchi. Hakuna aliyemwambia, lakini alikuja akamfungulia mlango, na wazee hawakukaa siku ile wala siku nyingine kwa neno hilo.

Pale nje Mutisya akageuka kwa Ndunge. "Hiyo dawa yako. Ndiyo hiyo hiyo mnawapa panya?"

"Ni hiyo hiyo, Baba."

"Na wakipewa wanakula?"

"Wanakula mpaka unawaonea aibu."

"Basi twende." Akaingia kwa gari la Sultan Hamud na nguo zake za kanisani, panya akaachiliwa kwa shamba la Kilonzo.

Dawa haikumaliza ugonjwa, nisiwadanganye, lakini ilimrudisha kwetu miaka mingi mizuri. Meza ya Bwana iliyofuata Mutisya alibeba kikombe mwenyewe, akatembea njia ile ya katikati bila kitete, akaanza na benchi ya tatu, kwa Syokau, ambaye alikuwa amevaa ile nguo nyeupe kwa kusudi. Halikumwagika tone.

Mimi niliapa. Tangu siku ile sijaingiza kanisani chombo chochote kinachofungwa. Hata maziwa ya Pasta nabeba kwa jagi la kuonekana ndani, na bado nikifika mlangoni Syokau huinama akachungulia kwanza, ananiuliza, "Mama Ndunge, leo umekuja na wangapi?"